Ujombani Wako Mlangoni

11 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naigusa miguu yako kwa kalamu kwa kuwa mikono haifiki. Najua ungekuwa karibu ungenivuta sikio kwanza, baraka ningezipata baadaye.

Huku tu wazima. Mama amepewa wodi nzima ya wazazi aisimamie, kwa hiyo anarudi nyumbani amechoka na bado anatoa amri, mpaka masufuria yanamwogopa. Mimi niko na lifti zangu. Juzi moja ilikwama na watu ndani, mmoja wao mwanasheria, na muda wote niliokuwa nikiishusha kwa mkono alinisomea haki zake kupitia upenyo wa mlango. Nilipomtoa akaniuliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Ningekupigia simu, ila wewe kwenye simu husema "haya, haya", mara mkate unaungua, na mazungumzo yanaishia hapo. Barua huwezi kuikatiza.

Neno lenyewe ni hili. Mimi na Mwalimu tunaoana mwaka huu. Ndiye yule mchumba wangu anayefundisha hesabu, uliyemwona kwenye picha ukasema masikio yake Mungu aliyaumba kwa ajili ya kushikia miwani. Tumeamua kwenda kuandikisha ndoa ofisini. Mashahidi wawili, chakula cha mchana, basi. Hakuna moto, hakuna kuhani, hakuna kukaa chini kwa saa tatu nimeviringishwa nguo kama godoro linalohamishwa. Mjomba, mambo mengi katika yale hakuna hata mmoja wetu anayejua maana yake. Kuyafanya kwa sababu tu wazee waliyafanya naona ni sawa na kutia saini karatasi ambayo hukuisoma.

Naomba baraka yako. Najua utanuna. Nuna, lakini usikawie kujibu.

Mpwa wako,
Bi Swali

2 Februari

Kwako Bi Swali,

Marahaba. Na sikio nimelivuta kwa mbali, natumaini umelisikia.

Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama unakula, maana kwenye picha shingo imekuwa ndefu. Sisi hatujambo. Tanuri jipya la umeme limefika. Linaoka vizuri, siwezi kusema uongo, ila halina hasira. Lile la kuni lilikuwa linanijua. Hili nalibonyeza kitufe na linanitii tu kama mkwe mgeni. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio.

Sasa, kununa sikununa. Nimekaa kwenye gunia la unga nikakucheka. Unasema hujui maana, kisha unatupa. Mtu asiyejua ufunguo ni wa mlango gani huutupa ufunguo, au hujaribu milango kwanza?

Chukua hizo saa tatu unazozilalamikia. Koo mbili ambazo hazijawahi kula pamoja zinakalishwa chini, joto, moshi, watoto wanalia. Saa ya kwanza kila mtu amejikaza, tai imekaa sawa. Saa ya pili mama mkwe wako ameomba mto wa kuegemea, baba mkwe amesinzia na kukoroma. Hapo ndipo mnapojuana. Chakula cha mchana cha hotelini mtu anaweza kukimaliza na uso wake wa bandia mpaka kijiko cha mwisho.

Chukua viatu. Tunavua mlangoni, na wewe ulidhani ni kwa ajili ya vumbi. Ni kwa ajili ya vumbi, lakini pia mtu asiye na viatu hana haraka ya kuondoka. Chukua taa ya jioni. Mkaza mjomba wako ameiwasha mbele ya miungu kila siku tangu nimwoe, na siku tulizogombana tukanyimana maneno, jioni ikifika lazima mmoja amwulize mwenzake kiberiti kiko wapi. Ndoa hii imeokolewa na kiberiti mara nyingi kuliko ilivyookolewa na mapenzi.

Na hatua saba mbele ya moto, kila hatua na ahadi yake. Ya kwanza chakula, kwa sababu wazee hawakuwa wajinga, walijua njaa huja kabla ya mapenzi. Ya saba urafiki. Ofisini watakupa hatua ya saba? Watakupa risiti.

Mama yako anasemaje? Umeniandikia kurasa mbili, na dada yangu umempa mstari mmoja wa masufuria.

Mjomba wako,
Mwokaji

20 Februari

Mjomba wangu mbishi,

Shikamoo. Habari ya kiberiti nimemsomea Mwalimu, akacheka mpaka akavua miwani, masikio yakapumzika. Anasema hiyo hatua ya saba ameipenda. Mwambie mkaza mjomba nakula, shingo ni mpiga picha. Huku mvua zimechachamaa na maji yameingia kwenye shimo la lifti ya benki, wiki nzima nimevaa mabuti.

Nakujibu kama fundi. Ndani ya lifti hakuna kitu cha urembo. Kila kifaa kina kazi, na kisicho na kazi tunakitoa, kwa sababu uzito wa bure unachosha kamba. Mimi nataka kuzipitia desturi zetu hivyohivyo, moja moja, na tochi mkononi. Hatua saba zimepita ukaguzi. Viatu na taa vimepita. Saa tatu za kukoroma nitazifikiria.

Lakini lile la kukabidhiwa, Mjomba? Mzazi anachukua mkono wa binti anauweka kwenye mkono wa mume, maji yanamiminwa juu, basi, mzigo umefika. Mimi si kifurushi. Nina leseni ya kufanya kazi ghorofa ya ishirini, halafu nikabidhiwe kwa mtu anayeogopa ngazi?

Mama anasema niamue mwenyewe. Ana kazi nyingi siku hizi.

Bi Swali

15 Machi

Bi Swali,

Marahaba. Barua yako imechelewa kujibiwa kwa sababu tulikuwa na oda ya mikate ya shule na kijana wangu wa kukanda aliumwa. Mimi mwenyewe nimekanda, na sasa mabega yananiuliza nina umri gani.

Ulipokuja likizo ulinichorea juu ya mfuko wa unga ile breki ya dharura ya lifti. Nilikuuliza umeiona ikifanya kazi mara ngapi. Ukaniambia hujawahi, isipokuwa siku za majaribio. Iko pale miaka yote imekaa kimya, inasubiri siku ambayo kamba itakatika. Sasa mgeni akija na tochi akaiona imekaa tu, si ataitoa? Atasema ni uzito wa bure. Kwa hiyo punguza kasi, fundi. Desturi nyingine hufanya kazi siku ya msiba, siku ya ugomvi, siku ambayo akili imekimbia na mikono inahitaji kuambiwa ifanye nini.

Hata hilo la kukabidhiwa. Umelisoma kwa upande wako tu. Hukabidhiwi wewe, maana nani angekuweza? Maji yakimwagika hayazoleki, na wazee walijua mzazi haachii mtoto kwa maneno matupu. Wakamtafutia kitu cha kufanya kwa mikono yake, amimine, aone yanakwenda, ajue hayarudi. Ile ni desturi ya aliyekulea. Asipopewa kazi siku ile ataanguka.

Na hapo ndipo ninapouliza, mpwa wangu. Baba yako hayupo. Nani atamimina? Nimekuuliza habari za mama yako ukaniambia ana kazi nyingi. Dada yangu amekuwa na kazi nyingi tangu ana meno ya utoto. Barua yako ina tundu, na mimi kila siku natazama mikate, tundu nalijua hata likiwa ndani.

Mjomba wako

29 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, Mwalimu mzima, mimi mzima, lifti zinapanda na kushuka. Salamu zimekwisha.

Umenifukuza mpaka ukutani, basi sikiliza. Sherehe siikatai kwa sababu ya godoro wala saa tatu. Naikataa kwa sababu ya jikoni.

Baba alipofariki nilikuwa darasa la pili. Tangu siku ile sijawahi kumwona Mama kwenye harusi mahali pengine isipokuwa jikoni. Binti wa baba mdogo alipoolewa, Mama alikata matunda tangu alfajiri, na moto ulipowashwa alikuwa anachungulia kwenye dirisha la kupitishia sahani. Nilikwenda kumwita. Akaniambia, "Nenda ukakae, nisije nikamletea mtoto wa watu nuksi." Alisema kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Mjane hasogelei moto wa harusi, hampaki mtu alama nyekundu kwenye paji, hamgusi bibi harusi. Wanasema wengine, lakini anayeamini kuliko wote ni yeye.

Mjomba, Mama ni mkunga. Nusu ya mabibi harusi wa mji huu mikono yake iliwashika kabla ya mama zao kuwashika. Hata Mwalimu alimtoa yeye, alikuja ametanguliza mguu, mbishi tangu tumboni. Siku ya kuzaliwa mikono hiyo ni baraka, siku ya kuolewa ni mkosi?

Nilipomwambia Mama habari za harusi, alifurahi sana. Kisha akaanza kuhesabu sahani. Mama mkwe wangu si mtu mbaya, alikuja hapa na maneno ya upole, akasema, "Usijali, nimempata mama mmoja, mume wake yu hai, atakaa mahali pako." Na Mama akamshukuru. Akamshukuru, Mjomba. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira, na Mwalimu akaja akakaa pembeni yangu mpaka nilipomaliza, ndiyo maana naolewa naye.

Ofisini hakuna jikoni. Hiyo ndiyo sababu yangu, na sina nyingine.

Sasa wewe uliyenifundisha kwamba kila desturi ina kazi yake, nijibu. Breki naijua inashika nini. Hii inashika nini?

Mpwa wako

10 Mei

Bi Swali,

Marahaba. Natumaini mvua zimepungua. Huku bei ya unga imepanda, na huu wa sasa si unga, ni vumbi lenye cheo. Hamira nayo inatusumbua, baridi imeingia, donge linachelewa kuumuka mpaka nalifunika na koti langu. Mkaza mjomba wako amenunua miwani mipya na sasa anaona buibui ambao tuliishi nao kwa amani. Jirani wetu wa duka la viatu amepata mjukuu, tumepeleka keki.

Goti liko vilevile.

Wasalimie wote.

Mjomba wako

Swali lako nimeliona.

24 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nimesoma habari za unga, za hamira, za miwani, za buibui na za mjukuu wa muuza viatu. Asante sana. Sasa najua kila kitu kilichomo kwenye duka lako isipokuwa kilichomo kichwani mwa mwenye duka.

Ofisi imetupa tarehe mwezi wa nane. Kama huna jibu, niambie huna. Nitakuheshimu vilevile.

Mimi

18 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na ukali wako umefika. Mkaza mjomba wako aliisoma barua yako kwa sauti mara mbili, mara ya pili kwa raha yake mwenyewe.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta. Nisingekujibu kwa kubahatisha, umekwisha kunijengea lifti nzima kwenye barua. Nilikaa nayo mbele ya tanuri. Nilimwuliza mama mmoja mzee sana hekaluni, akasema ni huruma, eti mjane asitiwe majonzi kwa kuona furaha ya wenzake. Nikamwuliza, "Na anayewakatia matunda jikoni haoni?" Akarudi kwenye maua yake. Nikaenda kwa kuhani wetu. Akakuna kichwa, akatazama juu, akasema, "Ndivyo tulivyokuta." Nikamwambia hata panya ndivyo nilivyowakuta ghalani, na mtego nimenunua.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: haishiki kitu. Nimeikagua kwa tochi yako. Itolewe.

Lakini wewe unataka kuitoa kwa hoja, na mimi nimekua na mama yako kitanda kimoja, nakijua kichwa chake. Kwa hoja hatoki. Ukimwambia ni ujinga, atakubali kwamba ni ujinga na atabaki jikoni, kwa sababu haogopi kushindwa mabishano. Anaogopa kukudhuru wewe. Mtu anayeogopa hivyo hasogezwi na akili. Anasogezwa na wajibu mwingine ulio mkubwa zaidi. Dawa ya moto ni moto.

Umesahau ujombani. Bibi harusi wetu haendi mbele ya moto mpaka ndugu wa mama yake afike na watu wake, na zawadi kwenye sinia, na juu ya zawadi zote nguo ya dada yake, aivae siku ile. Na mjomba haingii tu kama mpangaji. Anasimama mlangoni mpaka dada yake atoke, ampake alama kwenye paji, ampokee. Hiyo ni desturi ya zamani kuliko huyo mama mwenye mume wake hai. Na dada nilizaliwa naye mmoja tu.

Kwa hiyo fanya sherehe. Ofisini nendeni pia, serikali ipewe chake. Usimbembeleze Mama, usimwambie zaidi ya maneno haya: ujombani wanakuja.

Mjomba wako,
Mwokaji

30 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tumebadilisha mipango. Mwalimu amefurahi, mama mkwe amefurahi zaidi na tayari ameagiza mto wake wa kuegemea. Itakuwa siku ya Jumapili, wiki ya pili ya Agosti, saa njema aliyoitoa kuhani ni asubuhi.

Nilimwambia Mama, "Ujombani wanakuja." Alisimama na kijiko mkononi kama mtu aliyesahau alichokuja kukifanya. Kisha akasema vizuri, yule mama atakupokea kwa niaba yake, na akaendelea kukoroga. Kwa hiyo ujue, mlango umekwisha kupangiwa mtu.

Mimi nimekuamini, lakini naogopa. Nikikubali sherehe na wewe ukashindwa, Mama atakaa jikoni kwenye harusi yangu mimi, kwa ridhaa yangu mimi, na nitazunguka moto ule huku najua yuko nyuma ya dirisha la sahani. Hilo sitaweza kulisahau wala kukusamehe, nakwambia mapema.

Goti lako lilinde.

Bi Swali

2 Septemba

Bibi harusi,

Siwezi tena kukuita Bi Swali, sasa una mwenzako wa kuuliza. Tumefika salama. Mkaza mjomba wako amevua viatu na kuapa hatavivaa mpaka mwakani. Duka nililiacha kwa kijana, na nimelikuta limesimama, jambo lililoniudhi kidogo.

Nakuandikia kwa sababu kuna sehemu moja ya harusi yako sikuiona, na inaninyima raha. Mimi niliuona mlango. Niliona jua, nilikuwa na sinia kichwani, watu wangu nyuma wameshika vikapu. Nilimwona mama mkwe wako akitoka na yule mama, sahani ya rangi nyekundu mkononi, tabasamu limejaa, nami nikamwambia, "Asante mama, lakini paji hili lina mwenyewe." Tabasamu likabaki limesimama. Wageni wakaanza kunong'ona. Kuhani akatazama saa, akanitazama, akatazama saa. Mtu mmoja akasema mzee ana jeuri. Nikasema ndiyo, nimekuja nayo kwenye sinia. Mkaza mjomba wako akanipiga kiwiko, "Mzee, goti," nikamwambia goti lisubiri kama mimi ninavyosubiri.

Nakuambia wewe tu: niliogopa. Muda ulikwenda. Nilianza kufikiri kwamba nimekuharibia siku yako kwa ubishi wa mtu mmoja. Na mlango ule umefungwa.

Ndani kulikuwa na nini?

Mjomba wako

21 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na miguu yako naigusa kwa adabu zote, hasa ule wenye goti.

Sisi hatujambo. Tumehamia nyumba yetu, ghorofa ya nne, haina lifti. Mwalimu anapanda ngazi amefumba macho na mimi nabeba mizigo. Taa tunawasha jioni. Bado hatujagombana kiasi cha kuhitaji kiberiti.

Haya, ndani.

Niliposikia umekataa, niliinua nguo zote zile nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa anamenya machungwa, hakuinua hata kichwa. Nikamwambia, "Mjomba amekataa kuingia." Akasema, "Mwambie amekwisha kupokelewa." Nikamwuliza, "Na nani?" Akamenya chungwa lote. Kisha akachungulia. "Amesimama juani na sinia lile?" Ndiyo. "Na goti lile?" Ndiyo, Mama. Akasema, "Punda. Punda tangu utoto wake," na nikaona kidevu kinamcheza.

Sauti ya kuhani ikaja, saa njema inapita. Mama akanigeukia, "Toka wewe, bibi harusi hakai jikoni, utapata nuksi." Mjomba, sikuwa nimepanga. Nilikaa chini pale pale sakafuni, na dhahabu zangu na maua yangu, nikamwambia anipe kisu. Kama yeye anabaki, nami nabaki, machungwa ni mengi. Nikaanza kumenya. Akasema nguo itachafuka. Nikasema itafuliwa.

Ndipo akaja akachuchumaa mbele yangu. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Mwanangu, nikitoka pale nje, halafu siku moja jambo baya likikupata, nitajua ni mimi."

Nikamwambia, "Mama, jambo baya likinipata, wewe ndiye nitakayemtaka karibu."

Alininyang'anya kisu. Akaenda kwenye karo akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaikausha kidole kimoja kimoja, akamwambia yule mama mwingine, aliyekuwa amerudi ndani na sahani yake, kwa adabu kabisa, "Hiyo sahani naomba." Na yule mama, Mungu ambariki, alimpa kwa mikono miwili.

Kuanzia hapo uliona. Uliona alama alivyoipaka imekwenda upande, karibu na nyusi, na hukuifuta. Ulipompa ile nguo nyekundu, rangi ambayo mjane havai, ukasema kwa sauti ya kuuzia mikate, "Ni ya kuvaa leo, si ya kuweka kabatini." Nilimsaidia kuivaa. Hakujitazama kwenye kioo, lakini alipofika nje mama mkwe alisogeza mto wake akasema, "Kaa hapa, mwenzangu, pana nafasi."

Lakini liko jambo moja ambalo hata wewe hukulisikia, ingawa ulikuwa umekaa hatua moja tu kutoka kwetu. Ni pale kuhani alipokupa chombo cha maji umimine wewe, nawe ukampa Mama. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wa Mwalimu. Mama alikishika kile chombo, akaniinamia mpaka sikioni. Nilidhani ananipa baraka.

Aliniambia, "Kaza mkono wewe, utanimwagia maji pembeni."

Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa, Mjomba. Uliokuwa unatetemeka ni wake, na aliyamimina yote.

Mpwa wako